Ushuhuda Niliotoa Mapema

Nianze na mkojo, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia na kidogo nizimie. Ukianza dawa za kifua kikuu utakojoa nyekundu. Si damu, ni dawa inapita. Siku ile ya kwanza nilisimama chooni kwetu Musonoi, mtaa wa Kolwezi, nyuma ya nyumba za kampuni ya shaba, nikaangalia chini nikajua nimekwisha. Nikamwita mume wangu, Tata Monga, aje aone. Alikataa katakata. Alisema kuna mambo ambayo hata ndoa ya kanisani haimlazimishi mtu kuyatazama.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa ndani ya kitenge ili jirani asisikie. Mimi nimepona, miaka imepita mingi. Sitakueleza ugonjwa unavyokaa mapafuni, hayo waulize waliosomea. Nitakueleza niliyoyaona mimi, pamoja na kosa nililofanya, ambalo nadhani ni sisi watu wa kanisa tu tunaoweza kulifanya.

Jina langu ni Ngoy, na mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa akinipeleka sokoni anarudi na maumivu ya kichwa, maana nilimuuliza kila muuza samaki ametoka wapi na samaki wake walikuwa wanakula nini. Ugonjwa haukunibadilisha. Kwenye benchi la kituo cha kifua kikuu, kule Dilala, wengine walitazama miguu yao. Mimi niliuliza. Nilitaka kujua kila mmoja alianza kukohoa lini, nani alimleta, na nyumbani wanamtengea sahani au hawamtengei.

Benchi lile lilikuwa la saruji, refu, na mtu wa mbele akiingia ndani sote tulisogea kwa matako bila kusimama. Asubuhi yangu ya tatu nilisogea nikajikuta karibu na mwanamke aliyejifunika kichwa na uso. Nilizijua zile ndala. Alikuwa Mama Kabange, mwenzangu wa kwaya. Tulikuwa tumeimba sauti ya pili bega kwa bega miaka sita, na asubuhi ile kila mmoja alijifanya hamjui mwenzake. Tulikaa hivyo nusu saa. Kisha nikamwambia polepole, "Mama Kabange, kama umefunika uso, ungefunika na miguu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mimi nikakohoa naye, watu wa benchi wakatutazama. Tangu siku ile tulikuwa tunakwenda pamoja.

Muuguzi wetu alikuwa Mama Ntumba. Alikuwa Mukasai, ndivyo watu walivyosema, ingawa alizaliwa hapahapa Kolwezi na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona hata siku moja. Baba yake ndiye aliyetoka kule, akaja kufanya kazi ya shaba. Mama Ntumba alikuwa na utaratibu wake. Siku unayoanza, alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatia humo dawa zako zote, za miezi minane, akabandika sparadra, ile plasta ya vidonda, juu yake na kuandika jina lako. Zamani zile dawa zilikuwa zinakatika kila mara, na hakutaka mtu ale sehemu ya mwenzake. Kopo lilikaa kwake. Dawa haikutoka bila mwenyewe kufika, hata kama umetuma mumeo, hata kama umetuma mchungaji. Ulimeza mbele yake, kisha akakuambia, "Fungula kinywa. Inua lulimi." Alichungulia humo kama fundi anayechungulia injini.

Siku nilipomweleza habari ya mkojo wangu, hakucheka. Alisema, "Siku utaona haiko mwekundu tena, mi nitajua umenidanganya."

Miezi miwili ya kwanza tulikwenda kila siku, wakati mvua zinaisha na baridi inaanza. Mwili ulirudi. Sketi yangu ya kwaya, niliyokuwa nimeifunga kwa pini mbili, ikataka pini moja, kisha ikakataa pini kabisa. Nilianza kuamka nikitaka chai. Kikohozi kikakauka. Mama Ntumba akasema vizuri, sasa mtakuja mara moja kwa juma, lakini bado miezi sita, na hiyo sita ndiyo inayoua wajinga.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kanisani kwetu, kila Jumapili kabla ya mahubiri, kuna wakati wa ushuhuda. Mtu aliyetendewa jambo na Mungu anasimama na kulisema, na watu wanamshukuru Mungu pamoja naye. Ni desturi nzuri, sitaisema vibaya. Kanisa lilikuwa limefunga kula siku tatu kwa ajili yangu. Waliniona nikiwa mifupa, sasa waliniona nimejaa. Mama mmoja akaniambia nisimnyime Mungu utukufu wake. Basi nikasimama. Nilipaswa kusema, "Ninaendelea vizuri, mniombee." Lakini watu wote wale walinigeukia, nyuso zinang'aa, na mdomo wangu ukasema, "Yesu ameniponya kabisa. Ugonjwa umekwisha." Vigelegele vilipigwa mpaka nikasikia aibu kwa furaha. Mama Kabange alilia, akaja kunikumbatia.

Siku ya dawa ilipofika, nilivaa, nikafunga kitenge, nikafika mlangoni. Kisha nikajiuliza: mtu aliyeponywa kabisa anakwenda kufanya nini kwenye benchi lile? Kituo kile kilitazamana na njia ya soko, na nusu ya kanisa hupita pale. Wakiniona nimekaa, watasema Mungu wa Ngoy ni mwongo. Nikafungua kitenge nikaanza kuosha vyombo. Hakuna aliyenikataza dawa. Mchungaji hakunikataza, kanisa halikunikataza. Nilijikataza mwenyewe kwa kulinda maneno yangu, na jambo hilo nikaliita imani.

Nitakuambia kilichonishangaza. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na sifa, wageni walioneshwa mimi kama mfano. Lakini amani sikuwa nayo. Mchana kutwa nilikuwa nasikiliza kifua changu, kama unavyomsikiliza mtoto aliyenyamaza muda mrefu katika chumba cha pili. Nilisali sana, na sala yangu yote ilikuwa moja: nisikohoe mbele ya watu.

Mvua zilirudi na kikohozi kikarudi nazo. Kwenye kwaya nilianza kuimba kwa sauti ndogo, baadaye nikawa nafungua mdomo tu. Sketi ikataka pini. Tata Monga aliona, lakini alikuwa na yake. Kampuni ilikuwa inaporomoka mbele ya macho yetu, mashine zinasimama moja baada ya nyingine, na mishahara imekuwa hadithi. Kisha wanasiasa wa mkoa wetu wakasema Wakasai wanatunyang'anya kazi, na ikaja ile habari ya kuwafukuza. Sitaandika jina la wadudu walilokuwa wanaitwa, ingawa sote tulilisikia na wengine tulikuwa tunalicheka. Kwa siku chache majirani wa miaka thelathini walitolewa majumbani. Barabara ya kwetu walipita wamebeba magodoro, cherehani, hata milango ya nyumba zao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mtu wa kuuliza, siku ile sikuuliza kitu, na ninaona haya mpaka leo.

Juma lilelile nilikohoa nikaona nyekundu, na mara hii haikuwa dawa.

Nilikwenda kituoni na kukuta kufuli mlangoni. Mlinzi aliniambia, "Mama Ntumba iko ku gare na benzake. Alibeba na makopo." Gare ni stesheni ya treni. Wakasai wote walikuwa wamekusanyika kule, wanangoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuijua.

Stesheni sikuitambua. Watu walijaa kutoka jengo mpaka mbali kando ya reli, chini ya maturubai na mashuka, moshi wa makaa kila mahali. Mwalimu mmoja alikuwa anafundisha watoto hesabu kwenye ubavu wa behewa kwa chaki. Nilimkuta Mama Ntumba amevaa koti lake jeupe, limefuliwa. Alikuwa amelaza mlango wa nyumba yake juu ya masanduku mawili, na hiyo ndiyo ilikuwa meza. Makopo yalikuwa chini yake, ndani ya sanduku la chuma. Mbele yake kulikuwa na foleni.

Nilisimama mwisho wa foleni. Nilikuwa mtu wa upande uliofukuza. Nilidhani atanifukuza na yeye, na nilikuwa nimejiandaa kusema anayo haki. Zamu yangu ilipofika alinitazama, akainama, akatafuta, akatoa kopo lenye jina langu. Akapuliza vumbi.

"Ulikimbia," akasema.

Nikamweleza yote, ushuhuda, kitenge, vyombo. Alisikiliza huku anavunja shingo ya chupa ndogo ya dawa ya sindano. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Ule Mungu yako, dawa yangu inamupatisha haya?"

Akanipiga sindano.

Aliniambia ukiacha katikati unaanza upya, na mara ya pili ni kali: sindano kila siku miezi miwili pamoja na vidonge. Dawa ya sindano alikuwa ameipata kwa masista wa misheni. Basi nikawa natembea kila asubuhi kutoka Musonoi mpaka stesheni. Makalio yalivimba nikawa nakaa upande upande. Masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, na nikawa nasikia watu kama wanaongea ndani ya ndoo. Vyakula vyote vilikuwa na ladha ya chuma. Nilimuuliza Mama Ntumba kila kitu, na alinijibu kila kitu, mpaka siku moja akasema nikipona niende kusomea uuguzi nimpunguzie maswali.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kuliko sindano. Tata Monga alikuwa amepewa kazi ya msimamizi wa karakana, nafasi ya Mukasai mmoja aliyekuwa ameondolewa. Hakuiomba, lakini hakuikataa. "Bantu banakuona," aliniambia. "Banasema bibi ya Monga anaenda kukaa na ba-Kasai ku gare kila siku. Unataka batufukuze na siye?" Nikamwambia, "Unataka nife nyumbani kwa heshima?" Tangu usiku ule alianza kulala akigeukia ukuta, na chakula alikula nje na watoto. Sikujua kama anaogopa majirani au anaogopa kifua changu. Sikumuuliza, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kila siku nilikuwa namtazama Mama Ntumba. Nilitaka kujua ile amani yake inatoka wapi. Amepoteza nyumba, amepoteza kazi, analala chini ya turubai, mumewe ameugua tumbo, na bado anamwambia mtu afungue kinywa na ainue ulimi. Mimi nilikuwa na nyumba, nilikuwa na kanisa, na moyo wangu ulikuwa unaruka kama maharagwe kwenye sufuria. Siku moja nikamuuliza waziwazi, "Mama, weye hauna boga, hauogopi?"

Alikuwa anachemsha sindano. "Nani amekuambia mi sina boga? Niko nayo tangu asubuhi mpaka jua kulala. Lakini nikiamuka ninamuuliza Mungu: leo ni nani anangoja? Ile njo kazi amenipa leo. Treni itafika siku gani, kule tutakula nini, ile ni yake, haiko yangu. Nikichukua yake na yangu, nitaanguka."

Nililirudia jibu lile njiani mpaka nyumbani. Nilikuwa nimedhani amani ni kutoogopa, na kwamba kumtegemea Mungu ni kuwa na uhakika wa jinsi mambo yatakavyoisha. Mwanamke huyu hakuwa na uhakika wa kitu chochote.

Kesho yake akaniuliza kuhusu Mama Kabange. Alitoa kopo lake. Halikuwa limeguswa tangu juma lile lile nilipoacha mimi. "Alipoteaka na weye pamoja," akasema. Hapo ndipo nilipokumbuka Mama Kabange alivyonikumbatia siku ya ushuhuda, na maneno aliyoninong'oneza, ambayo siku ile niliyapokea kama sifa: "Imani yako imenipa nguvu. Na mi ninaacha." Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimesikia na kutabasamu.

Mama Ntumba alisema jambo moja tu. Humu stesheni kuna wagonjwa wanaokohoa na hawana dawa. Treni ikifika kabla Mama Kabange hajaja mwenyewe, kopo lake litagawiwa hao, kwa sababu dawa haziwezi kukaa bure wakati watu wanakufa. Sikuweza kumlaumu.

Nilikwenda kwa Mama Kabange siku hiyohiyo. Nilimkuta uani amekaa juani na sweta mbili, macho yameingia ndani. Nikamwambia kwamba sikupona, kwamba natumia dawa, kwamba yeye pia arudi. Alinitazama kwa huruma. "Shetani anakujaribu," akasema. "Ulisema mbele ya Mungu na mbele ya kanisa. Sasa unakuya kusema ingine huku ku manyumba, mu sikio yangu. Mi nitaamini gani?"

Nilirudi nikilia, maana alikuwa na haki. Neno lililosemwa mbele ya watu mia haliwezi kufutwa uani kwa kunong'ona. Ilibidi nisimame palepale nilipokuwa nimesimama.

Nilimwambia Tata Monga. "Ukisema unaenda ku gare, kazi yangu imekwisha," alisema. Hakunikataza. Ningependa kukuambia kwamba nilisali na nguvu zikaja. Hazikuja. Jumamosi yote nilisali, na sala ilikuwa fupi: Bwana, kesho ananingoja Mama Kabange, mengine ni yako.

Jumapili wakati wa ushuhuda nilisimama. Wakaanza kutabasamu kabla sijasema. Nikasema, "Mwaka jana niliwaambia Yesu ameniponya kabisa. Nilisema kabla ya wakati. Niliacha dawa kwa kuona haya, na ugonjwa umerudi, natema damu. Sasa ninatibiwa ku gare, kwa Mama Ntumba, yule tuliyemfukuza. Mungu hakunidanganya. Mimi ndiye niliyewadanganya ninyi. Kama kuna aliyeacha dawa kwa ajili ya maneno yangu, namwomba kwa jina la Yesu arudi leo."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wa benchi langu walisogea, si sana, kiasi cha kitabu cha nyimbo. Tata Monga aliangalia viatu vyake. Mama Kabange alisimama upande wa kwaya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe ulitudanganya," akatoka nje. Mchungaji akasema tuimbe, na tukaimba vibaya.

Tulirudi nyumbani Tata Monga akiwa mbele yangu hatua ishirini. Nilikuwa nimepoteza jina langu kanisani, pengine nimeipoteza kazi ya mume wangu, na Mama Kabange alikuwa ameondoka na hasira. Nilingoja moyo uanze kuruka. Nilifika nyumbani, nikakaa, na jambo nililolisikia mwilini lilinishangaza sana: nilikuwa na njaa. Kwa majuma mengi nilikuwa nikila kwa kulazimishwa. Nikasonga bukari, ugali wetu, nikapasha mboga ya lengalenga, nikala kipande baada ya kipande, na haikuwa na ladha ya chuma. Nikaona kwamba kwa saa nzima sikuwa nimesikiliza kifua changu. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Kama unataka kujua amani ya Mungu ilinifikaje, ilinifika nikiwa nimeinamia sahani.

Tata Monga alikuwa amesimama mlangoni ananitazama nikila. Akaingia, akanawa mikono, akakaa mbele yangu, akala kwenye sahani yangu. Baada ya muda akauliza, "Ile sindano, yeye akienda, nani atakupiga?"

Asubuhi alinisindikiza stesheni. Alitembea ameinamisha kofia, lakini alitembea. Mama Ntumba alimpa papai na bomba la sindano la maji, akamwambia achome. Fundi wa mashine kubwa alishindwa na papai, watu wakamzunguka kumfundisha. Katikati yao alikuwa yule Mukasai ambaye nafasi yake Tata Monga ameichukua. Waliangaliana. Yule mtu akasema, "Monga, ile mashini ya tatu inakunywa mafuta mingi. Usiisahau." Tata Monga akajibu, "Asante, tata." Aliondoka pale akaenda kusimama nyuma ya jengo muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu alinichoma mimi. Aliniumiza vibaya na sikulalamika.

Mama Kabange hakunifungulia mlango. Nilikwenda Jumatatu, nikaenda Jumanne, nikaenda Jumatano. Alhamisi tulisikia honi ya treni tukiwa Musonoi, ndefu, na watu wakatoka majumbani kusikiliza. Nilikwenda mlangoni kwake nikapiga hodi. "Mama Kabange, treni imefika. Kopo yako itapanda. Unikasirikie mi maisha yote, lakini unikasirikie ukiwa muzima."

Nikakaa kizingitini. Nilimwambia Mungu kwamba langu limekwisha. Kisha mlango ukafunguka, akatoka amefunga kitenge, akanipita bila kunitazama.

Wagonjwa wawili hawawezi kukimbia. Tulitembea tukisimama kwenye kila nguzo ya umeme, mmoja anakohoa, mwingine anangoja. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa mabehewa ya mizigo mpaka juu ya paa. Nilipita chini ya kila behewa nikiita jina la Mama Ntumba, na masikio yangu yalikuwa yanalia sikujua kama naitikiwa. Mama Kabange ndiye aliyemwona. Alikuwa ndani ya behewa lisilo na paa, amekaa juu ya lile sanduku la chuma.

Alituona. Ilibidi watu sita wasimame ili sanduku lifunguke, na walisimama. Kopo la Mama Kabange lilishuka kutoka mkono hadi mkono, likifuatwa na langu na chupa za sindano zetu sote. "Ameze sasa," Mama Ntumba akaita. Hatukuwa na maji. Mama mmoja aliyekuwa kwenye ukingo wa behewa, ambaye sikumjua na hakunijua, aliinama na kidumu chake cha maji ya safari, ya safari ambayo hakuna aliyejua urefu wake, akamimina kwenye viganja vya Mama Kabange. Akameza. Mama Ntumba akanielekezea kidole mimi: "Weye njo utamuangalia kila siku." Nilitaka kumwomba msamaha, kwa ajili ya pazia, kwa ajili ya mengi. Nikasema tu, "Mama, utusamehe." Akasema, "Mutulombee. Njia iko mulefu." Treni ikajivuta.

Sikupata habari zake tena. Kila ninapokutana na mtu aliyetoka Kasai ninamuuliza kama anamfahamu muuguzi mmoja anayeitwa Ntumba, mwenye kelele za kufungua vinywa vya watu. Wananiambia kule kina Ntumba ni wengi. Naendelea kuuliza.

Mimi na Mama Kabange tulimeza pamoja kiangazi chote, kila asubuhi, uani kwake, mmoja akimchungulia mwenzake mdomo. Majuma mawili ya kwanza alifungua mdomo kwa dawa tu, si kwa kusema nami. Kisha siku moja akaniambia bukari yangu siku hizi ni laini mno, na nikajua nimesamehewa. Tata Monga hakufukuzwa kazi. Kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha, kwa watu wote.

Mvua zilipoanza bado tulikuwa na miezi ya dawa mbele yetu. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, mchungaji aliuliza kama kuna mtu. Tangu siku yangu ile watu walikuwa wamepunguza kusimama. Mama Kabange akasimama. Alikuwa bado mwembamba, sketi yake ina pini. Nilimshika nguo kumrudisha chini, akaniondoa mkono.

"Mi niko mugonjwa," akasema. "Ninakunywa dawa. Mungu iko na mi."

Akakaa. Mchungaji alingoja aendelee, na hakuwa na zaidi. Hatukujua tupige vigelegele au tuombe, basi tukakaa kimya wote. Nyuma ya kanisa mtu akakohoa, kwa sauti, bila kujifunika, na hakuna aliyegeuka kumtazama.